Kilele cha Mwenyekiti

“Kushoto,” alisema Pan-seok. Mwanga wa taa aliyoifunga kichwani uliishia kwenye ukungu, hatua mbili tu mbele.

“Kushoto tumeshakwenda mara mbili, Mwenyekiti,” alisema Gi-ho.

“Basi ya tatu ndiyo itakayotufikisha.”

Walikuwa watatu, marafiki wa Seoul wenye miaka sitini na ushee, na ilikuwa alfajiri ya mwaka mpya. Walianza kupanda saa kumi, theluji ikiwafika magotini, ili jua la kwanza liwakute kileleni. Njia yenye vibao Pan-seok aliikataa. Hiyo, alisema, ni ya watalii na watoto wao. Yeye alivaa koti la kupandia Himalaya, akashika fimbo mbili, akafunga vyuma vya barafu viatuni. Hata saa yake ya mkononi ilijua kuonyesha njia, ila yeye hakujua kuiuliza.

Mwaka uliopita alirudia njiani, na chama chao chote cha wapanda milima, watu thelathini na wawili, kilimcheka mpaka theluji ikayeyuka. Uchaguzi wa mwenyekiti wa chama ulikuwa mwezi ujao. Tangu astaafu, hapakuwa na mahali pengine duniani alipoitwa Mwenyekiti.

Mbwa alibweka, karibu.

“Huku juu kuna mbwa?” aliuliza Deok-su, mnene wao, akihema.

“Huyo ni mbweha.”

“Na mbona nasikia harufu ya supu?”

“Hiyo ni njaa yako. Mlima unakupima, nawe unafeli.”

Deok-su akaendelea kupanda. Aliyewahi kubishana na Pan-seok akashinda alikuwa mkewe peke yake.

Wakatambaa kwenye mteremko mkali, wakashika vichaka, wakatokea mahali tambarare. Mbele yao kikasimama kilima cha mwisho, cheupe, cha mviringo, laini kama yai. Pan-seok alikiparamia akateleza. Akakiparamia tena, akateleza. Mara ya tatu Gi-ho alimsukuma makalioni, na Mwenyekiti akafika juu kwa tumbo.

Akapima kwa fimbo yake. Mbele, chini. Nyuma, chini. Kulia na kushoto, chini.

“Kila upande ni chini,” alisema. “Mnajua maana yake?”

“Tumefika?” Gi-ho hakuamini.

“Tumefika! Pandeni, ila msisukumane. Vilele vya kweli ni vyembamba.”

Wakasimama watatu wamekumbatiana, nusu kwa furaha, nusu kwa hofu ya kuanguka. Pan-seok alilia bila kujificha. Kisha akapiga picha, nyuso tatu na ukungu mtupu, akaituma kwa wote thelathini na wawili: “Tumekishinda kilele. Waliosema nimezeeka, habari ndiyo hiyo.”

Haikupita dakika, pongezi zikaanza kuingia. Akawasomea wenzake moja moja, kwa sauti, hata ile ya mpinzani wake. Hiyo aliisoma mara mbili.

Halafu akatoa chupa ya pombe ya mchele, akaimwaga juu ya theluji vikombe vitatu, kama desturi ilivyotaka, na wote wakainama.

“Ewe mwenye mlima,” aliomba, “tupokee sisi tuliokufikia kwa jasho letu. Wavivu waliolala majumbani, wasamehe.”

Jua likachomoza. Ukungu ukaanza kukatika, na ndani yake akatokea bibi kizee aliyevaa ndara za plastiki, na fagio mkononi.

Pan-seok alishtuka, na moyoni akaumia kidogo.

“Mama! Umefikaje huku juu peke yako?”

“Nimetoka jikoni,” alisema yule bibi. “Haya, shukeni. Hilo tuta mlilopanda ni kaburi la mume wangu. Alikanyagwa vya kutosha alipokuwa hai.”