Baiskeli Isiyotiwa Grisi

Duka lilijaa makopo ya grisi hadi darini, lakini mwenye duka alitia ngumu: baiskeli ya mkewe haitiwi hata tone.

"Iache ilie," alisema. "Nikiisikia inalia juu ya kichwa changu, roho yangu inatulia."

Ilikuwa baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote. Daktari ndiye aliyeyaanzisha yote. Alimpima mke presha, akatikisa kichwa, akasema, "Anza baiskeli, dada. Asubuhi, nje, upate na hewa." Mke hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Lakini njia nzima ya kurudi alijiona anateremka barabara ya benki, upepo usoni, bila mtu wa kumuuliza anakwenda wapi.

Mume, aliyekuwa amekaa pembeni yake pale kwa daktari, alikubali kwamba daktari ana akili sana. Kesho yake akapandisha hii ya mazoezi chumbani, akaikaza sakafuni kwa nati kubwa kubwa. Nje dunia imeharibika, alisema. Hewa itapita dirishani.

Walikaa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi ya mbele ilishukia dukani, mbele ya macho ya mume. Ngazi ya nyuma ilikuwa na geti la chuma, na ufunguo wa geti aliutunza mama yake, umefungwa fundo kwenye pindo la nguo. Tangu siku mke alipochelewa kurudi kutoka kwa dada yake, hakuvuka geti lile peke yake tena. Simu nayo ilikuwa imepelekwa "kwa fundi," haikurudi. Maneno ya mwisho aliyoyasikia humo yalikuwa ya dada: "Mlango wangu kwako hauna komeo. Wewe fika tu."

Basi kila asubuhi duka likifunguliwa, mke alipanda baiskeli. Ikilia, mume alitania na wateja, na sauti yake ilipenya sakafuni: "Msishtuke, mke wangu huyo, anasafiri!" Wateja walicheka. Walimpenda kweli, mtu mcheshi namna ile. Ikinyamaza, alipanda ngazi kuja kuchungulia.

Na mume alikuwa afadhali. Kufuli lenyewe lilikuwa mama mkwe.

Bibi huyo aliishi ghorofa ile tangu duka likiwa la marehemu mumewe, na kila komeo alilijua. Alikuwa akisogeza kiti chake mpaka mlangoni mwa chumba, akanyoosha miguu mibovu inayonuka dawa ya kuchua, akamkodolea mkwewe macho. Hakuwahi kumwita "mwanangu." Alimwita "wewe."

"Wewe! Unakimbizwa na nani? Polepole. Shika mwendo mmoja."

Mke akipata nguvu na kutaka kuongeza kasi, alikemewa. Mwendo mmoja, kila siku, tena wa kivivu. Kisha likaja suala la kiti.

"Kishushe."

"Kikishuka zaidi ya hapa magoti yatanigonga kidevu, Mama."

"Nimesema kishushe."

Alikishusha. Siku hiyo alikanyaga pedali huku analia, jasho na machozi vikimwagikia mapajani, na alimchukia yule bibi kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Kila baada ya siku chache mama mkwe alijikongoja hadi kwenye baiskeli, akamminya shavu la mguu kama mnunuzi wa kuku sokoni.

"Bado," alisema.

"Bado nini, Mama?"

Bibi alikuwa ameshageuka kurudi kitini.

Lakini miguu ilibadilika. Ngazi zilizokuwa zikimtoa roho sasa alizipanda huku anaimba. Hilo ndilo lililomuuma zaidi: nguvu zote hizi, na pa kwenda hana. Siku moja alitoka kuoga, akashika kiti cha baiskeli na kukikuta kina joto. Akalilaumu jua la dirishani.

"Mama, hii dawa ya kuchua unakunywa?" mume alilalamika mezani. "Juzi tu nimenunua kopo jipya."

"Magoti," alijibu mama yake bila kuinua macho.

Asubuhi moja lori lilikuja kushusha saruji, chini kukawa vurugu tupu. Mke alikuwa juu ya baiskeli, kwenye mwendo wake ule ule. Mama mkwe aliinuka, akamminya shavu la mguu. Akaminya la pili.

Kisha akafunga mlango wa chumba, akafungua fundo la nguo yake, na kumtia mke ufunguo wa geti kiganjani.

"Shukia upande ule. Mimi napandia huku. Pedali zisisimame."

Mke alishikwa na butwaa, lakini miguu iliendelea yenyewe. Mmoja wake ukatoka, mmoja wa bibi ukaingia. Ukatoka wa pili, ukaingia wa pili. Kiti kilikuwa sawasawa na kimo cha yule bibi.

"Mimi nilikosa wa kunipokea," alisema mama mkwe, akiishika mikono ya baiskeli. "Nenda kwa dada yako, mwanangu."

Mke alikuwa ameshalivuka geti la nyuma alipoisikia bado inalia kule juu, mwendo ule ule, na chini yake sauti ya mume ikimwambia mteja, "Mke wangu huyo. Siku hizi hachoki hata kidogo."