Binti wa Thelathini na Moja

Siku yake ya mwisho kazini, chai ya kumuaga ilikuwa inapoa chumba cha pili, na Bi Sikudhani hataki kubanduka kwenye hadubini. Alikuwa akichungulia seli moja ya hamira. Alikuwa ameizidishia protini inayonyamazisha jeni na kutunza ncha za kromosomu, aone kama itaishi zaidi kuliko nyingine. Kila ilipozaa, alimtenga binti, yaani seli changa, kwa sindano ya kioo, akatia alama daftarini, maana umri wa seli kama hiyo huhesabiwa kwa mabinti. Alama zilikuwa thelathini, na tangu asubuhi haikuongezeka hata moja.

"Bi Sikudhani, andika imekoma, twende tukale keki," Dakta Semboja alimwita kutoka mlangoni.

"Hebu niache, mwanangu. Huyu bado ana lake."

Alishika kalamu, akaiweka chini, akachungulia tena. Ubavuni mwa yule mama palikuwa pamechomoza kitone, kidogo kama shanga.

Bi Sikudhani alicheka peke yake. Alinyanyuka, akamtia Dakta sindano mkononi.

"Huyu utamtenga wewe. Wala usimharakishe."

Akaenda kunywa chai yake. Wenzao walipomwita Dakta aje kukata keki, hakuja. Alikuwa ameinamia hadubini, sindano mkononi, amebana pumzi.