Ratiba ya Mwalimu Mkufya

Kobe mkubwa mithili ya meza alikuwa amejilaza katikati ya njia pekee ya kisiwa. Dereva akazima gari, kwani sheria ilikataza kumgusa. Mwalimu Mkufya akaigonga ratiba yake kwa kidole.

"Kobe tulikwisha kuwatazama saa tatu! Sasa ni zamu ya popo, na saa sita boti inaondoka."

"Siku mbili nimetazama kisogo chako tu, Baba Tunu," akasema mkewe, Bi Stamili. "Na likizo hii nimeingoja miaka arobaini."

Akavua viatu, akashuka, akaketi mchangani mbele ya kobe.

"Stamili! Tunachelewa!"

Kobe akachomoza kichwa polepole. Mwalimu akafungua mlango, ratiba mkononi. Mguu mmoja ukakanyaga mchanga, wa pili ungali garini.