Msumeno Usiokufa

“Usiurukie kichwani, Mama Fatouma! Ule musumeno haufi!”

“Papa, unafundisha watu kwa dirisha? Ingia basi ucheze wewe!”

Jirani hakuingia. Tangu kuku wake adonoe lengalenga za Mama Fatouma na maneno makali yarushwe juu ya ua, alikuwa ameapa kutokanyaga mlango ule. Lakini televizyo ilikuwa hiyo moja mtaa mzima, basi kila jioni kichwa chake kilikuwa dirishani.

Nyumba ilijaa hadi kizingitini. Mama Fatouma alibakiwa na roho moja tu ya mchezo, manete ya kuchezea imelowa jasho mikononi. Kwenye kioo cha televizyo, msumeno wa duara ulipanda na kushuka kwenye reli yake, meno yakizunguka bila kuchoka.

Mara kamyo ya askari ikanguruma barabarani. Sauti ya mchezo ikazimwa. Jirani akachuchumaa chini ya dirisha, na nyumba nzima ikabana pumzi mpaka mngurumo ukaishia upande wa bandari.

Kichwa kikachomoza tena. “Sasa ile kamyo tuliirukia kichwani? Si tuliiacha ipite? Na musumeno njo vile!”

Watu wakaangua kicheko. Mama Fatouma hakucheka. Akamsimamisha mtu wake wa mchezoni ukingoni, msumeno ukapanda, ukamkaribia hadi kidole cha Mama Fatouma kikawasha. Hakubonyeza. Ukashuka zake. Ndipo akabonyeza, mtu wake akaruka.

Vifijo vikatikisa mabati. Jirani naye alipiga makofi, kisha akakumbuka kiapo chake, akaficha mikono nyuma.

Mama Fatouma akaweka manete chini, akafunua sufuria ya samaki wadogo.

“Papa, zunguka mlangoni. Ugali na ndakala haviliwi dirishani.”