Salamu ya Kwao

Sikudhani alikuwa amechoka hadi sauti. Tangu asubuhi alikuwa akiwatembeza wageni ndani ya ngome, akiwasimulia habari za wafalme, vita na makabila ya nchi ambayo wengi wao walikuwa hawajawahi hata kuisikia. Alipokuwa akiwaaga langoni, bibi mmoja aliyeshika mkongojo akamuuliza, "Na nyinyi kwenu, mwanangu, mnasalimianaje?"

Hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza hilo. Waliobaki wakiisema lugha ya kwao walikuwa wachache mno, na tangu amzike mama yake, Sikudhani hakuwa na wa kumwamkia. Akasita, kisha akaitamka salamu taratibu.

"Maana yake, 'Umerudi salama?'" akasema, akawafundisha na jibu lake.

"Basi tusalimie," bibi akamwambia.

Akawasalimu. Wageni wote wakaitikia kwa pamoja, matamshi yamepinda, lakini jibu lilikuwa lenyewe. Sikudhani akageuza uso, akajifuta kwa ncha ya mtandio.

Dereva wa basi la wageni akapiga honi. Bibi hakusogea.

"Na asubuhi, je?"

Sikudhani akavua viatu, akaketi kizingitini.