Chini Kidogo

Siku Langat alipofariki kwa ugonjwa wa damu, majani chai yake yalikomaa shambani bila mtu wa kuyachuma.

Miezi mitano baadaye mjane wake alikuja kliniki na maumivu ya kichwa, wakampima damu. Sasa alikuwa akigonga karatasi ya majibu kwa kidole kilichokuwa cheusi kwa utomvu wa chai.

"Chembe za kugandisha damu ni mia moja thelathini na nane," daktari alisema. "Kawaida huanzia mia moja hamsini. Ziko chini kidogo tu, mama."

"Kidogo, kidogo! Hata mzee wangu mlimwambia kidogo."

"Mara nyingi huwa si kitu. Hata homa huzishusha. Ndiyo maana tunarudia kipimo. Yeye alirudia?"

Kidole kikasimama.

Karatasi ya Langat ilikuwa nyumbani jikoni, mjane amefungia mbegu za malenge. Nyuma yake kuliandikwa arudi baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne. Jumanne ni siku yao ya kuchuma. "Majani hayangoji mtu, mama watoto," Langat alimwambia mkewe, akavaa gambuti. Naye akamfuata na kikapu chake.

Hasira aliyokuja nayo ikakosa pa kutua.

"Kama angerudi, mngemponya?"

"Sijui, mama. Hakuna anayeweza kujua sasa."

Akaikunja karatasi. "Nirudi lini?"

"Wiki mbili. Jumanne."

Jumanne hiyo lori la kiwanda litapita kituo cha kukusanyia chai saa nane, na majani yake yatakuwa bado shambani.