Gramu Themanini

Kopo lilikuwa jepesi. Fundi saa alilijua hilo kabla hata ya kuliweka kwenye mizani, maana mikono yake imezoea vitu vidogo, na mizani ikamuunga mkono: gramu mia sita na ishirini. Yeye aliweka mia saba. Alipima mwenyewe, akafunga kifuniko mwenyewe, akalipanga stoo mwenyewe.

"Nani amegusa chumvi ya samaki?"

Mkewe alikuwa anakunja nguo sebuleni, mbele ya tangi lenyewe la samaki wa baharini. Mama yake alikuwa chumbani na redio yake.

Hasira zikampanda. Maji ya bahari ya kutengeneza nyumbani hayataki mchezo. Kila Ijumaa Fundi alichuja lita ishirini, kwa kuwa maji ya bomba yana dawa inayoua samaki. Aliyatia kwenye ndoo ambayo haijawahi kuona sabuni, akayapasha mpaka joto lake likalingana na la tangi, akawasha pampu ndogo ya kuyazungusha, ndipo akamimina chumvi, kidogo kidogo. Kisha aliyaacha yalale, ayapime kesho yake kabla ya kuwapa samaki. Lita ishirini, gramu mia saba. Makopo manne alikuwa ameyajaza mara moja, ya mwezi mzima, kila wiki na lake.

Kopo la kwanza aliliamini, maji hakuyapima. Matumbawe yalijikunja siku nne na samaki mmoja akafa, yule wa manjano. Msiba wa mjomba wake haukumtoa machozi kama ule. La pili, kipimo kilionyesha maji yamepungua chumvi, akaongeza. Sasa hili la tatu.

"Ni wewe," alimwambia mkewe.

"Niifanyie nini?"

"Si ulisema iko siku nitachagua, wewe au samaki?"

"Nilisema. Na ningetaka kuwaua ningemwaga sabuni, mume wangu, nimalize kwa siku moja. Sina muda wa kuiba kwa kijiko."

Jibu hilo lilimtia wazimu. Anayejua kuua kwa sabuni, aliwaza, ameshalifikiria jambo hilo. Alifoka mpaka sauti ikakwama. Mkewe alimsubiri amalize, akaweka chini shati alilokuwa amelishika, naye akatoa ya moyoni.

"Miezi miwili napika bila chembe ya chumvi, kwa sababu daktari amemkataza mama. Nyumba nzima tunakula kama wagonjwa, sijanung'unika. Naruka ndoo zako kila Ijumaa, sijanung'unika. Leo naitwa mwizi ndani ya nyumba yangu. Nikitoka kwa hili, sirudi."

"Mlango haujafungwa," alisema Fundi.

Neno hilo alilijuta likiwa bado mdomoni, ila hasira hazikumruhusu kulirudisha. Nusu saa baadaye begi lilikuwa limeshapita getini. Mama alitoka chumbani kwake, akaangalia huku na huku.

"Sasa nani atapika?"

Alipika Fundi. Viazi viliungua chini na kubaki vibichi juu, maharage yalitoka magumu kama kokoto, yote bila chumvi, kama daktari alivyoagiza. Mama hakulalamika hata mara moja. Alichukua sahani yake akaenda nayo chumbani kula, akairudisha nyeupe. Fundi alimhurumia kwa uvumilivu ule. Jumanne alimpeleka kliniki na kukuta presha imepanda tena, na mama akamwambia nesi kwamba ni kelele za nyumbani kwake. Mwanawe aliona haya, akaangalia viatu vyake. Njia nzima ya kurudi alikuwa anamlaumu mkewe kimoyomoyo, kwa presha, kwa samaki wa manjano, na kwa kitanda kilichokuwa kikubwa ghafla.

Maana alimkosa. Hilo nalo lilimkasirisha. Mara mbili alishika simu, mara mbili akairudisha mfukoni. Akipiga, ataonekana mkosaji, na mkosaji si yeye.

Ijumaa iliyofuata alichuja maji, akayapasha, akaenda stoo kuchukua kopo la nne na kuliweka kwenye mizani. Mia sita na kumi.

Alitazama namba hizo mpaka macho yakamuuma. Kumbe mkewe anarudi. Yeye akiwa kazini anafungua saa mbovu za watu wengine, mwanamke anajifungulia mlango, anachota, anaondoka. Safari hii alipiga simu bila kusita.

"Unaingia nyumbani kwangu kwa kunyatia?"

"Ufunguo wangu niliuacha juu ya friji," mkewe alisema. "Nyoosha mkono."

Alinyoosha mkono. Ufunguo ulikuwepo, umeshapata vumbi.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

Simu ikakatwa.

Alisimama jikoni akihema kama aliyepanda ngazi. Hasira ilikuwepo yote, mtu wa kumwangushia hakuwepo. Basi kuna mgeni anayeingia mchana. Jirani, au yule fundi bomba wa juzi. Mama anashinda nyumbani, lazima amemwona. Akimtaja tu, Fundi atamfuata huko huko aliko, kisha ataenda kwa wakwe zake kupiga magoti ikibidi.

Alikumbatia kopo lake kama ushahidi, akagonga mlango wa chumba cha mama na kuusukuma. Mama alikuwa anakula.

"Mama, kuna mtu anaingia humu ndani na..."

Mama aliliona kopo. Akasogeza sahani ya maharage pembeni, akapangusa meza kwa kiganja.

"Weka hapa hapa, mwanangu. Afadhali umeileta mwenyewe, miguu yangu imechoka kwenda stoo."